Shafti Hupangwa Majini, Si Chelezoni

Ndugu zangu mafundi na wenye matishari, wengi wenu mmenisikia nikilisema jambo hili, kwamba shafti, ule mhimili unaoizungusha propela, inyooshwe na injini tishari likiwa tayari limeelea, hadi mmelichoka, nami sitaacha kulisema maadamu bado naitwa Mwanza kutazama matishari yanayotetemeka.

Mwenye tishari kuukuu akifunga injini mpya ya kilowati 75, yenye mizunguko 1,800 kwa dakika, pamoja na giaboksi ya 3 kwa 1, inayopunguza mizunguko mara tatu, hufanya vyema, kwa kuwa mzigo mzito husukumwa na propela kubwa iendayo taratibu. Anachosahau ni kwamba msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa niutonimita 400 hivi unaotoka kwenye injini huifikia shafti ukiwa karibu 1,200. Atanijibu kwamba shafti ya milimita 50 ilimtumikia marehemu baba yake. Ni kweli, lakini kwa injini yenye nusu ya nguvu hiyo. Akiongeza milimita 10 tu za kipenyo, uimara dhidi ya msokoto unapanda kwa zaidi ya asilimia 70.

Hata hivyo, shafti nene iliyopangwa vibaya ni hasara nene. Niliwahi kuitwa kwenye tishari lililoshushwa majini siku 3 kabla, likiwa na propela ya shaba inayong'aa kama sufuria ya harusi. Fundi aliapa kwamba alikipima kiungo cha shafti na giaboksi, naye hakusema uongo: alikipima tishari likiwa limekaa juu ya magogo. Bodi ndefu ya chuma, yaani mwili wa tishari, iliyoegemea magogo haina umbo lile lile inapobebwa na maji. Nilipozilegeza boliti, kucha yangu iliingia kati ya nyuso mbili za kiungo, upande wa chini, ilhali kwa kiungo cha milimita 150 pengo la kuvumilika ni takriban milimita 0.15. Pakingi, ile kamba ya kuzuia maji pale shafti inapotoka nje ya bodi, ilikuwa imeungua, na maji ambayo yangepaswa kudondoka tone moja moja yalikuwa yakitiririka hadi kwenye viatu vyangu.

Mtasema kwamba mipira iliyo chini ya injini husamehe kasoro hiyo. Mipira humwondolea nahodha mtikisiko miguuni. Beringi ya nyuma inayoibeba shafti haipati msamaha wowote.

Mengine nayapitia haraka, maana mwenyekiti ameanza kutazama saa. Kati ya ncha za mbawa na bodi acheni walau sehemu moja ya kumi ya kipenyo cha propela. Tishari lililosheheni likishindwa kufikisha mizunguko kamili huku likitoa moshi mweusi, basi propela imezidi uwezo wa injini. Na katika ziwa letu la maji baridi fungeni vipande vya magnesiamu vinavyoliwa na kutu badala ya bodi, si zinki ya meli za baharini, ambayo huku hujivika ganda na kulala, bodi ikaendelea kuliwa.

Boliti za kiungo kile nimezileta, ziko mezani hapo nyuma; zipitisheni mkononi muone zilivyolika upande mmoja.