Kivuli cha upana wa kiganja: mazungumzo na walinzi wa boti, Kilifi

Assalaam aleikum, na hamjambo. Naona sura zilezile za mwaka jana, kwa hiyo sianzi na volti na ampea. Asiyejua amuulize jirani yake. Najua pia mnajua nitakachosema. Nitakisema tena: paneli ya jua isikae kivulini. Maana leo asubuhi nimepita na mtumbwi pale kwenye maboya na sikufika katikati kabla sijakasirika.

Boti iliyofungwa kwenye boya haijalala. Mwenyewe yuko Ulaya au Nairobi, anadhani imelala. Huku ngamani, chini kabisa ndani ya boti, maji yakipanda pampu inaamka, na usiku taa ya mlingotini inawaka kwa muda wa saa kumi na mbili. Betri yenyewe, hata isipoguswa, joto letu linaila polepole. Na betri hizi za risasi na asidi zikikaa na chaji nusu tu, wiki baada ya wiki, salfeti inaganda kwenye sahani zake hadi inakuwa ngumu. Hapo hata ukiichaji mwezi mzima hairudi ilivyokuwa. Wazee walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani: uende tezi, nyuma ya chombo, au omo, mbele yake, utarudi ngamani. Mimi fundi nasema marejeo ni kwenye betri.

Sasa ile hadithi. Wewe unayecheka hapo nyuma, ulikuwepo, nyamaza.

Kuna boti moja niliifunga paneli ya wati 100. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Niliilaza juu ya paa la kebini, chini ya bumu, ule mti wa kulala unaoshika tanga kwa chini. Ilipendeza, skrubu zote zimenyooka, mwenye boti akapiga picha akasafiri. Ikaingia masika. Siku moja kijana wa mtumbwi ananipigia simu: "Fundi, boti imezama kidogo." Kidogo! Tukaenda. Tulipofungua mlango, mbao za sakafu zinaelea, viatu vya tajiri vinaelea, na pampu kimya. Betri ilikuwa na volti 10 tu. Tukateka maji kwa ndoo mpaka mgongo ukakataa.

Mawingu yakafunguka, jua kali likatoka. Nikatoa mita. Paneli ile kwa jua lile inatakiwa kutoa ampea 5, mita inasoma 0.4. Nikafungua kontrola, kile kidude kinachodhibiti chaji kati ya paneli na betri, nikasugua vichwa vya betri, nikabadilisha fyuzi ambayo haikuwa na kosa lolote. Saa nzima! Yule kijana amekaa ukingoni mwa mtumbwi anakula muhogo wake, akaniuliza, "Fundi, hicho kivuli cha huo mti si kitu?" Nilitaka kumjibu vibaya. Badala yake nikausukuma bumu kwa bega, kivuli kikatoka kwenye kioo, na mita ikaruka mpaka 5. Nikauachia, 0.4. Nikausukuma, 5. Kivuli chenyewe upana wake ni kiganja changu.

Ndani ya paneli ile mna seli 36, moja nyuma ya nyingine, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo kutoka kisimani. Mmoja akisinzia, ndoo haipiti. Utaniambia kuna dayodi za kuupitisha umeme kando. Zipo, kwa kawaida mbili, kila moja na nusu yake ya paneli. Ukipoteza nusu unabaki na volti kama 9. Volti 9 zitapandaje kwenye betri ya 12? Na kivuli kikilala kwa urefu, kinazishika nusu zote mbili.

"Basi fundi, tuweke paneli kubwa." Kubwa iweke wapi, chini ya bumu tena? Tupige hesabu ya mtu mzima. Pampu ya ampea 3 ikifanya kazi nusu saa kwa siku ni ampea-saa 1.5. Taa ya LED usiku kucha, kama 2.5. Ongeza 0.5 kwa betri kujila yenyewe. Jumla haifiki 5. Paneli ya wati 50 iliyo wazi, kwa saa tano za jua zuri, inaleta kama ampea-saa 12, na masika ikikukata nusu bado unapumua. Wati 200 kivulini ni pambo.

"Si tunawasha injini kila Jumamosi?" Nusu saa! Betri ya risasi ile sehemu yake ya mwisho inakunywa kwa kunyonya, saa na saa. Unachoma dizeli ujifurahishe.

Paneli ikae tezi, juu ya fremu, nyuma ya kila kitu. Na hapa pwani yetu tumepewa bahati ambayo sijui kwa nini hamuitumii. Boti kwenye boya inaelekeza omo kwenye upepo. Kusi, upepo wa kusini, inapovuma, mwezi wa sita, wa saba, omo inatazama kusini, na jua la adhuhuri liko kaskazini yetu. Kivuli cha mlingoti kinaangukia wapi? Omo. Ikija kaskazi, upepo wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza, boti imegeuka, na jua nalo limehamia kusini. Kivuli? Omo tena! Wala si sadfa. Pepo hizi zinalifuata jua, zinavuma kuelekea upande wa dunia uliopata moto. Saa zile jua lina nguvu, tezi iko wazi karibu mwaka mzima, na ninyi mnafunga paneli mbele ya mlingoti.

Ndiyo, Mzee, bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu. Nilijua utauliza. Humu horini maji yakipwa kwa nguvu boti inafuata mkondo, haiufuati upepo, na kivuli kinazunguka. Ndiyo maana nasema nyuma ya kila kitu, si nyuma ya mlingoti tu.

Naona naonyeshwa saa. Haraka basi. Kontrola lazima, paneli inafika volti 21 na bila kontrola itachemsha asidi. Nunua inayopima joto, maana ngamani kukiwa na digrii 35 betri inataka volti pungufu kidogo ya zilizoandikwa. Fyuzi iwe karibu na betri. Pampu isipite kwenye swichi kuu, mtu ataizima akiondoka. Kunguru: kinyesi chake nacho ni kivuli, beba kitambaa. Lithiamu tutaongea siku nyingine, ina mambo yake.

Maswali njooni nayo gatini. Nimechukua mita, maji ndiyo yanaanza kupwa, na dakika chache zijazo boti zitageuka. Ninayo moja nataka muione ikigeuka. Paneli yake nimeifunga mimi.