Pumzi ya Tumbili

Ndugu zangu, kabla sijaenda mbali, kila mmoja aweke kiganja ubavuni. Sasa semeni "haa!" kwa nguvu. Mmehisi mbavu zilivyobana? Hewa imesukumwa kutoka mapafuni, ikapenya kooni kati ya nyuzi za sauti, nazo zikatetema. Tumbili naye anatumia mtambo huohuo.

Mwaka 1980 watafiti Seyfarth, Cheney na Marler walieleza milio ya tahadhari ya tumbili wa Amboseli: wa kuonya kuna chui, wa tai na wa nyoka. Wengi wanaikumbuka kazi ile kwa habari ya maana ya milio. Mimi nilinaswa na jambo dogo waliloligusia tu: mlio wa kuonya kuna chui hutoka mfululizo, pumzi ikitoka na pumzi ikiingia. Jaribuni: "ha" ya kutoa, "ha" ya kuvuta. Naam, naona huko nyuma mmeshaanza kukohoa! Mliokulia Lamu mnamjua punda: "hii" anavuta, "hoo" anatoa. Faida yake ni kwamba mnyama hasimami kupumua ndipo aendelee kupiga kelele.

Nyani dume ana mtindo mwingine. Hubweka "wa-huu" huku akikimbia na kurukaruka mitini, akishindana na madume wenzake. Huko Okavango, Botswana, mtafiti Julia Fischer na wenzake waliona kwamba shindano likirefuka, ile "huu" hufupika. Mapafu yanadai hewa kwa ajili ya mbio, koo nalo linadai hewa hiyohiyo. Mpinzani aliye kimya hana haja ya kumsogelea. Anasikia tu jinsi mwenzake anavyoishiwa.

Sisi je? Mwadhini huvuta pumzi moja, akabeba sentensi nzima akiipandisha na kuishusha. Misuli ya mbavu inaizuia hewa isimwagike yote kwa mpigo. Mishipa ya fahamu inayoiongoza hutokea kwenye uti wa mgongo, na mfereji wa mifupa unaopitisha mishipa hiyo, sehemu ya kifua, ni mpana kwetu kuliko kwa nyani, tukilinganisha ukubwa wa miili. Huenda ndiyo maana tunaimudu pumzi hivyo. Kijana wa Turkana, binadamu wa kale ambaye masalia yake yaligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, alipimwa akaonekana ana mfereji mwembamba. Wapo wanaopinga, wakisema pingili zake za mgongo zilikuwa na kasoro. Ubishi huo mimi siuamui leo.

Tupunguze taa kidogo, niwasikilizishe dume mmoja. Hesabuni "huu" zake, mniambie ni ya ngapi iliyoanza kukatika.