Uzi wa Kuhesabia Sala: Tasbihi, Rozari, Mala na Kamba ya Mafundo

Mabibi na mabwana, jaribuni kutamka sentensi moja kimoyomoyo mara 33 huku mnahesabu kichwani. Haitachukua muda, ama hesabu itapotea, ama maneno yatabaki maganda matupu. Sababu ni kwamba sauti ya ndani inayosema "Subhanallah" au "Salamu Maria" ndiyo hiyohiyo inayosema "kumi na moja, kumi na mbili", na haisemi mambo mawili kwa mpigo. Hesabu ikikabidhiwa vidole, ulimi unaachiwa kazi yake. Zana ninayoizungumzia leo inafanya hilo tu. Dini zinazobishana kwa mengi zimekubaliana juu ya uzi huu karibu bila kujua.

Kabla ya uzi kulikuwa na kokoto. Palladius, aliyeandika habari za watawa wa Misri katika karne ya 5, anamtaja Paulo wa Ferme, mtawa aliyejipangia sala 300 kwa siku. Alipakata kokoto 300, na kila alipomaliza sala moja alitupa moja. Siku moja akasikia kuna bikira kijijini anayesali sala 700. Akahuzunika, akaenda kwa mtawa mwenzake Makari. Makari akamjibu kwamba yeye husali 100 tu, hula jasho lake, na dhamiri haimshtaki; wewe unayesali 300 na bado unashtakiwa, ama husali kwa moyo safi, ama unaweza kuzidisha na huzidishi. Kisa hiki nakiweka mbele kwa sababu ugonjwa wa kupenda namba kuliko sala ulikuwapo tangu kokoto.

Tuje kwenye tasbihi. Ile ndefu ina punje 99, imekatwa na vigawanyo viwili kila baada ya 33, na ncha za uzi zinakutana kwenye punje ndefu iitwayo imamu. Fupi ina 33 na huzungushwa mara tatu. Hapo wengi hukosea, maana punje hazisemi uko mzunguko wa ngapi. Dawa ni kulifungamanisha kila neno na mzunguko wake: Subhanallah wa kwanza, Alhamdulillahi wa pili, Allahu Akbar wa tatu. Baada ya swala ya faradhi, ya 100 inatimizwa kwa "La ilaha illallahu wahdahu la sharika lah" hadi mwisho wake. Wakati wa kulala Allahu Akbar ni 34. Kwa hiyo tasbihi ya 99 daima inapungukiwa moja, na wengi humshika imamu kufidia.

Uradi huo wa kulala una kisa chake. Bibi Fatuma, mikono imemchubuka kwa jiwe la kusagia, alikwenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Mtume akampa yeye na Ali maneno hayo, akawaambia ni bora kwao kuliko mtumishi. Mashia huanza na Allahu Akbar 34, kisha Alhamdulillahi 33, kisha Subhanallah 33. Mapokezi yao yanasema Bibi Fatuma alihesabu kwanza kwa uzi wa sufu wenye mafundo, kisha kwa punje za udongo wa kaburi la Hamza, ami yake Mtume, aliyeuawa katika vita vya Uhud mwaka 625.

Wapo wanaoukataa uzi. Hoja yao ina uzito: kuna hadithi ya kuhesabu kwa vidole, kwa kuwa vitaulizwa na vitasemeshwa. Namna yake ni rahisi: mara tatu kwa kila kidole, vidole 10 vinatoa 30, rudia kidole kimoja, 33. Upande wa pili yuko Junayd wa Baghdad, shehe mkubwa wa Kisufi aliyefariki mwaka 910. Aliulizwa vipi mtu wa daraja yake bado anashika tasbihi. Jibu lake lilikuwa kwamba njia iliyomfikisha kwa Mola wake hawezi kuiacha.

Rozari inawachanganya wanaoanza kwa sababu ya hesabu yake. Punje ni 59: ndogo 53, kubwa 6. Anza msalabani kwa Nasadiki, yaani sala ya kukiri imani, Baba Yetu kwenye kubwa ya kwanza, Salamu Maria tatu, kisha Atukuzwe. Sasa angalieni: makumi ni matano, lakini punje kubwa kwenye duara ziko nne tu. Mtu hutafuta ya tano hadi akadhani rozari yake ina kasoro. Baba Yetu ya kumi la kwanza husaliwa kwenye punje kubwa ya mkiani, ile iliyo jirani na medali inayounganisha mkia na duara. Kila siku ina Matendo yake, yaani matukio ya maisha ya Yesu na Maria yanayotafakariwa, moja kwa kila kumi: ya Furaha ni Jumatatu na Jumamosi, ya Uchungu Jumanne na Ijumaa, ya Utukufu Jumatano na Jumapili. Ya Mwanga, Alhamisi, yaliongezwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002. Zamani mafungu matatu ya Salamu Maria 50 yalitoa 150, sawasawa na Zaburi. La nne limeuvunja ulinganifu huo, na sioni kama kuna aliyedhurika.

Simulizi maarufu husema Bikira Maria alimpa Mtakatifu Dominiko rozari huko Prouille, Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 13. Lakini karne ya 11, Bibi Godiva wa Coventry, Uingereza, alikuwa ameshausia monasteri uzi wake wa vito aliokuwa akihesabia sala.

Mala ya Wahindu na Wabudha ina punje 108, na juu yake moja kubwa, meru, isiyohesabiwa. Wahindu wana sharti: ukifika meru usiivuke, geuza mala urudi ulikotoka. Punje huvutwa kwa kidole gumba juu ya kidole cha kati. Kidole cha shahada hukaa pembeni, kwani kwao ni kidole cha kunyooshea watu na cha kujiona. Ajabu ya lugha yetu: ndicho kidole tulichokipa jina kwa sababu Mwislamu hukiinua kushuhudia upweke wa Mungu.

Kwa nini 108? Wanajimu watakwambia vituo 27 vya mwezi, kila kimoja na robo zake nne. Wengine alama 12 za nyota mara sayari tisa. Wabudha, matamanio 108. Sababu zikiwa nyingi hivi, nashuku namba ilitangulia.

Kamba ya Waorthodoksi haina punje. Ni sufu yenye mafundo 33, 50 au 100, na kila fundo lina misalaba tisa iliyosukwa ndani kwa ndani. Masimulizi yanasema mtawa alikuwa akifunga mafundo ya kawaida, shetani akiyafungua nyuma yake, mpaka akafunuliwa fundo hili. Aliyewahi kulisuka atamwelewa shetani: likikazwa vibaya halifunguki, unakata.

Wanaotaka kutunga wenyewe: punje 108 za milimita 8 zinajaza sentimita 86 bila mafundo. Ukifunga fundo kati ya punje na punje, kata uzi mara tatu ya urefu huo. Mafundo hayo yana faida: uzi ukikatika, unapoteza punje moja au mbili badala ya kuzisaka zote sakafuni. Acha nafasi kidogo, maana uzi uliokazwa sana hausogezi punje, na hukatika upesi pale kwenye meru unapopinda. Ukitunga upya, hesabu mara mbili kabla ya kufunga. Mala ya 107 itakudanganya miaka.

Watibeti wameliona hilo mapema: wakimaliza mala nzima huandika 100, na zile nane huziacha zifidie zilizorukwa au kusemwa huku akili iko kwingine.