Kutoka Pindoni Kuelekea Mjini

Shikamooni wazee wangu, na wengine hamjambo. Nimeitwa hapa kuzungumzia matambara, na bado ukumbi umejaa. Ahsanteni. (Kicheko.)

Niwaulize mafundi mliomo humu: lile gunia chini ya cherehani lina nini? Vipande vya kitenge vya upana wa kiganja, mabaki ya mikono ya gauni, duara za shingo. Kwangu mimi, kwa miaka mingi, gunia lile lilikuwa na njia mbili tu: kujazia mito, au kumpa mtu akatengenezee vifuta miguu. Leo nimekuja na njia ya tatu, nayo inatoka ng'ambo ya bahari hii hii yetu.

Kusini-magharibi mwa India, jimbo la Karnataka, wilaya ya Uttara Kannada, kuna vijiji vya msituni jirani na miji ya Yellapur, Haliyal na Mundgod. Humo wanaishi Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika. Wengi wao ni vizazi vya watumwa waliopelekwa Goa, pwani ya jirani, na Wareno kuanzia karne ya 16. Waliotoroka walipanda milima wakajificha bara. Wapo Waislamu, wapo Wakristo, wapo Wahindu. Ndugu zao wa Gujarat hadi leo wana mchezo wa ibada wenye magoma, na wanauita goma. Hilo sina haja ya kuwatafsiria.

Wanawake wa Kisiddi wa Karnataka hushona mfarishi wanaouita kawandi. Vijana, mfarishi ni lile tandiko nene la tabaka mbili tatu zilizoshonwa pamoja. Waulizeni bibi zenu. Na kabla mtu hajaninyooshea mkono kudai kuwa huu ni ufundi wetu uliovuka na majahazi: majirani zao wa Maharashtra wana godhadi, Wabengali wana kantha, wote hutumia nguo kuukuu. Mimi sidai urithi. Nilichopenda ni mpango wa kazi.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo penyewe. Kanga ina pindo, ina mji pale katikati, ina jina. Kawandi huanzia pindoni na kuingia mjini. Mama hutandika sari kuukuu ya pamba chini, hukunja ukingo wake kwa ndani, huweka kipande cha kwanza kwenye kona nacho kimekunjwa ukingo, kisha hupiga bandi kwa mkono, sindano ikipenya tabaka zote. Kipande cha pili hulalia makali ya kile cha kwanza. Cha tatu vivyo hivyo. Huzunguka pande zote nne, halafu hurudi tena kwa ndani, mzunguko juu ya mzunguko, mistari ya bandi ikifuatana kwa upana wa kidole au pungufu. Hakuna mchoro, hakuna kipimo, hakuna kukata vipande vilingane. Kipande kikiwa kirefu kinakunjwa. Kikiwa kifupi kinaongezewa ndugu yake.

Angalieni kilichofanyika: kuunga viraka na kushona tabaka ni kazi moja, kwa wakati mmoja. Wale kina mama maarufu wa Gee's Bend, Alabama, huko Marekani, ambao mifarishi yao iliwekwa kwenye makumbusho ya Houston na New York mwaka 2002, nao hubuni wakiwa kazini, tena kwa namna ya kukuacha mdomo wazi. Lakini wao huunga uso wote kwanza, ndipo hutia pamba na mgongo. Kawandi haina "kwanza". Ukiisha kufunga pindo, hakuna baya kubwa linaloweza kukupata, kwa sababu ukingo umekwisha kumalizwa. Huko ndani unaweza kubahatisha unavyotaka.

Mimi nilijifanya mjuzi. Mfarishi wangu wa kwanza nilianzia katikati, kwa mraba wa kitenge cha rangi ya chungwa nilioupenda mno. Nikashona wiki tatu. Nilipofika ukingoni, upande mmoja kanga ya chini imebaki shubiri nzima, upande wa pili imekwisha na viraka vinaning'inia. Nikalazimika kuzungushia mshipi wa kitambaa kipya kuficha aibu. Na ule mraba? Ulikaa pale kati kama bwana harusi aliyefika kabla ya wageni. (Kicheko.) Kwa Wasiddi katikati ndipo pa mwisho, na panajengwa kwa kilichobaki guniani.

Wakimaliza, kwenye kila kona huweka phula, maana yake maua: vitambaa vidogo vilivyokunjwa pembetatu, kimoja juu ya kingine. Husema kawandi bila phula iko uchi. Mifarishi ya watoto hujaa vipande vidogo vya rangi kali. Kwenye nyumba za Wakristo utaona msalaba, za Waislamu hilali.

Sasa ya kwetu. Chini tandikeni kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka imelainika. Kitenge kipya kilowekeni kwanza, kitoke wanga, la sivyo kastabini yenyewe, ile kofia ya kidole, itaomba msamaha. Jinzi msiiweke jirani na kitambaa chepesi, itakipasua. Nailoni iacheni, inateleza na sindano haiipendi. Na msikimbilie cherehani: mzigo wote utakuwa mnauzungusha chini ya mguu wake kila baada ya shubiri moja.

Bei? Hapo nina kinyongo kidogo. Mwaka 2004 mtaalamu wa sanaa kutoka Marekani, Henry John Drewal, alisaidia wanawake wa Kisiddi kuunda ushirika wa kuuza kawandi, kwa hiyo wanunuzi wapo duniani. Lakini mteja mmoja alikuja kwangu, akaugeuza mfarishi mara mbili, akauliza nitampunguzia kiasi gani kwa kuwa mistari imepinda. Nikamwambia iliyonyooka inauzwa dukani, bei rahisi.

Naam, dada pale nyuma. Anauliza jina la kanga likikatika katikati ya neno itakuwaje. Liache likatike. Mfarishi huu niliokuja nao una neno "jirani" karibu na kona, na maneno mengine yote yameishia chini ya viraka. Kila anayelala nao ananipa tafsiri yake.

Haya, uzungusheni mwuone kwa mikono. Katikati bado sijafunga, nimeishiwa vipande vyekundu. Mwenye navyo mkobani anisaidie. Na angalieni vidole: sindano nimeichomeka humo ndani, kwenye kitambaa cha kijani, na mpaka sasa sijaiona.