Kumbaya: Sala Iliyopotezewa Wenyewe

Walimu wa kwaya, wazee wa kanisa, na ninyi vijana mliojaa huko nyuma, asanteni kwa kufika.

Sote humu ndani tumeimba Kumbaya. Kwenye kambi za vijana moto ukishakolea na mwenye gitaa akishapata ufunguo, lazima atokee wa kuianzisha. Ukiuliza wimbo umetoka wapi, jibu liko tayari: ni wimbo wa Afrika. Wengine watakutajia hadi nchi, Angola. Neno lina mlio wa kwetu, beti ni fupi, mtunzi hatajwi, basi tunaridhika. Mimi siridhiki. Wimbo huu una wenyewe, na tunajua walikaa wapi.

Mwaka 1926 mtafiti Robert Winslow Gordon alikuwa akiishi Darien, mji mdogo wa pwani ya jimbo la Georgia, Marekani. Pwani ile ni nchi ya Wagullah-Geechee, wajukuu wa Waafrika waliotekwa Afrika Magharibi na ya kati wakafanywa watumwa kwenye mashamba ya mpunga na pamba. Gordon alikuwa na mashine ya silinda za nta. Muimbaji anasogeza mdomo kwenye pembe, sauti yake inatikisa sindano, sindano inachimba mfereji mwembamba kwenye nta inayozunguka. Baada ya dakika chache silinda imejaa. Kila ukiicheza, inalika kidogo.

Mbele ya pembe ile alisimama mtu aliyeandikwa kama H. Wylie. Jina la kwanza ni herufi moja tu. Aliimba peke yake, bila ala, akimwita Mungu kwa maneno yanayorudi na kurudi: come by here, pita hapa tulipo, yakitamkwa kwa ulimi wa watu wa pwani ile. Ndiyo Kumbaya yetu. Beti zake zinasema kuna mtu anakuhitaji, Bwana. Wenye dhambi wanakuhitaji. Mwaka huohuo, huko Alliance, North Carolina, mwalimu kijana Julian Boyd aliandika maneno ya wimbo huo kutoka kwa mwanafunzi wake, Minnie Lee. Katika beti zake kuna mgonjwa, kuna anayekufa, kuna aliye taabuni. Watu wawili, majimbo mawili, mwaka mmoja: wimbo ulikuwa umeshaenea kabla ya yeyote kuja na kalamu au mashine.

Sasa sikilizeni madai ya Marvin Frey. Huyu alikuwa mhubiri Mzungu, akasema yeye ndiye aliyeutunga mwaka 1936, na mwaka 1939 akauandikisha hakimiliki. Namna ulivyopata sura ya Kiafrika aliieleza hivi: wamisionari waliupeleka Angola, ukarudi Marekani umebadilika. Hadithi ilikuwa tamu na watu waliishika. Lakini Frey alizaliwa mwaka 1918. Wylie alipoimba mbele ya ile pembe, Frey alikuwa mtoto wa miaka kama 8. Hapo hakuna cha kubishania.

Kambini wimbo ulifikaje? Kwa vitabu vidogo vya nyimbo na kwa vijana waliozunguka kufundisha. Lynn Rohrbough wa Ohio alikuwa akichapisha vijitabu vya nyimbo kwa ajili ya kambi na makanisa. Tony Saletan aliupata kwake, akamfundisha Joe Hickerson. Majira ya joto ya 1957 Hickerson na wenzake wa kundi la Folksmiths walipita kambi hadi kambi kaskazini-mashariki mwa Marekani wakiufundisha, kisha wakaurekodi. Pete Seeger akauimba. Mwaka 1962 Joan Baez akautoa kwenye santuri, ukaenda duniani. Hawa sina ugomvi nao, waliupenda wimbo. Hickerson mwenyewe baadaye aliongoza hifadhi ya nyimbo za asili katika Maktaba ya Bunge la Marekani, ileile ambayo Gordon alikuwa mkuu wake wa kwanza mwaka 1928, na ambayo ndiyo inayotunza silinda ya Wylie.

Linaloniuma ni kilichodondoka njiani. Mgonjwa na anayekufa wakaachwa, akabaki anayelia, anayeimba na anayesali. Watu waliokuwa na sababu ya kumwita Mungu aje haraka, katika Georgia ya ubaguzi, wakafutwa, tukawekewa "Afrika" isiyo na kijiji wala mtu. Na leo wanasiasa wa Marekani hulitumia jina la wimbo huu kuwakejeli wanaotafuta mapatano, kana kwamba ni wimbo wa watu laini wasiojua shida. Hiyo ni dhuluma. Walioanza kuuimba shida waliijua kuliko wanaowacheka. Nilifurahi sana Seneti ya Georgia ilipoutambua mwaka 2017 kuwa wimbo wa kihistoria wa jimbo, ingawa ilichukua zaidi ya miaka 90.

Kwa hiyo kwenye karatasi mlizopewa nimefuta "wimbo wa Kiafrika, mtunzi hajulikani". Nimeandika: sala ya Wamarekani Weusi, kama ilivyoimbwa na H. Wylie, Darien, 1926. Chini yake nimerudisha mgonjwa, anayekufa na aliye taabuni, kwa Kiswahili. Gitaa liwekwe chini. Soprano, mtaanza ninyi. Besi msubiri mpaka "pita hapa" ya pili.