Alichosema Nim: Watazamaji Wanavyogombana juu ya The Medium

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Leo nitazungumza juu ya filamu moja tu, The Medium, iliyotoka mwaka 2021, na nitaisimulia mpaka mwisho wake. Kama hujaiona na unataka kuiona ukiwa hujui kinachokuja, nakuonya mapema, kwa sababu ugomvi wote wa watazamaji umekaa kwenye nusu saa ya mwisho na siwezi kuupita.

Na ugomvi ni mkubwa kweli. Wapo wanaosema Thailand haijawahi kutoa filamu ya kutisha kama hii. Wapo wanaosema walitazama saa moja na nusu ya kazi safi, kisha kazi hiyo ikazamishwa kwenye damu na makelele. Maoni yote mawili nimeyasikia kwa watu wanaojua filamu, na hakuna hata mmoja wao ninayeweza kumwambia hakutazama vizuri.

Tuanze na walioitengeneza. Mwongozaji ni Banjong Pisanthanakun, yule ambaye mwaka 2004, pamoja na Parkpoom Wongpoom, aliongoza Shutter, filamu ya mpiga picha anayeona kivuli cha mwanamke kwenye picha zake. Hadithi ya The Medium ilitoka kwa Na Hong-jin wa Korea Kusini, aliyeongoza The Wailing mwaka 2016, na safari hii yeye ndiye mtayarishaji. Ndiyo maana Wakorea waliipata kabla ya Wathailand: ilishinda tuzo ya filamu bora kwenye tamasha la Bucheon, ikaingia kumbi za Korea Julai 2021, na baadhi ya kumbi hizo ziliandaa maonyesho ya taa kuwashwa kwa watu wasioweza kukaa nayo gizani.

Sasa hadithi yenyewe. Tuko Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand. Watu wa huko ni Wabudha, lakini Ubudha wao unaishi nyumba moja na mizimu: ya mti, ya shamba, ya ukoo. Uko hata uganga wa Phi Fa, ambao wanawake huimba na kucheza kwa ala iitwayo khaen ili mgonjwa apone. Kwa hiyo filamu haikulazimika kuhamisha imani kutoka mbali. Kikundi cha wapiga picha kinamfuata Nim, mama wa makamo ambaye ni kiti, yaani mtu anayekaliwa na mzimu, cha Bayan, mzimu wa kike unaorithiwa na wanawake wa ukoo wake. Mzimu ulimtaka kwanza dada yake, Noi. Noi akaukataa, akaingia Ukristo, na mzigo ukamwangukia Nim. Miaka mingi baadaye binti wa Noi, Mink, anaanza kubadilika tangu siku za mazishi ya baba yake. Familia inadhani Bayan anatafuta kiti kipya. Si Bayan.

Wanaolalamika kwamba saa ya kwanza inakwenda polepole sitabishana nao sana. Mimi ile saa naipenda kuliko zote. Nim anatibu wagonjwa, anapanda kwenda kwenye sanamu ya Bayan mlimani, anaongea na kamera kwa utulivu wa mtu aliyeikubali kazi yake. Sawanee Utoomma anamwigiza bila kupaza sauti hata kidogo. Usipomwamini Nim hapo, mwisho wa filamu hautakuuma.

Lawama nzito ni ya kamera. Filamu imetengenezwa kama filamu ya makala, na watazamaji wanauliza: watu wanakufa, mbona huyu bado anapiga picha? Swali hili ni halali. Kwenye usiku wa tambiko la kumtoa Mink mizimu, watu wanapokimbizana gizani, siwezi kuamini kwamba mtu angeshika kamera badala ya kuitupa akimbie. Lakini kabla ya hapo, kamera zinapofungwa ndani ya nyumba kumwangalia Mink usiku, siku zikihesabiwa kuelekea tambiko, picha haitikisiki na hakuna muziki wa kukuandaa. Unaona sebule, unaona msichana amesimama. Watu wengi niliozungumza nao walifunika macho hapo, si kwenye damu.

Kuna lawama nyingine, na nimeisikia zaidi kwa wanawake, nayo naiunga mkono moja kwa moja. Kamera inamfuata Mink chooni akitokwa damu, inamwonyesha akizini ofisini usiku kupitia kamera za ulinzi, inamtazama pale ambapo mgonjwa yeyote angestahili kusitiriwa. Narilya Gulmongkolpech alijitoa kweli kwa kazi hii, alipunguza uzito wa kilo kama 10, na kila jambo analofanya na mwili wake linaaminika. Wapo wanaoitetea filamu kwa kusema inawashutumu wale wapiga picha. Natamani ingekuwa hivyo. Ingewashutumu, ingempa mmoja wao sekunde chache za kuona aibu. Hakuna anayeona aibu.

Na lile swali la kosa. Kwenye Shutter, mtazamaji anajua kwa nini mzimu unakaa mabegani mwa Tun, yule mpiga picha: Natre, mwanamke aliyempenda, alibakwa na rafiki zake, naye akapiga picha badala ya kumsaidia. Mwisho wa filamu ile unatisha, na wakati huohuo unakupa haki. Watu waliokuja kwa Mink wakiwa na mizani hiyo waliondoka na hasira, kwa sababu Mink hakufanya lolote la kustahili haya. Kinachomwandama ni deni la upande wa baba, ukoo wa Yasantia, wenye kiwanda kilichochomwa moto kwa ajili ya fedha za bima. Tena mtoto mchanga wa mjomba wake, Manit, na mbwa wa nyumbani wana kosa gani? Mtazamaji mmoja aliniambia kwamba alipoona mbwa anatumbukizwa kwenye sufuria alizima. Simlaumu. Hata hivyo nadhani hasira hiyo ndiyo filamu ilikuwa inaitafuta. Hapa deni linadaiwa kwa yeyote aliyebaki, na hakuna hakimu.

Tufike mwisho. Nim, mtu pekee tunayemtegemea, anakuta sanamu ya Bayan imekatwa kichwa. Baadaye anakufa usingizini, kabla ya tambiko kuanza. Mganga Santi anaendelea bila yeye, mke wa Manit anadanganywa na sauti ya mtoto, mlango unafunguliwa, na karibu kila mtu anaangamia. Hii ndiyo nusu saa inayochukiwa. Nakiri ni ndefu kuliko inavyohitaji. Ningeipunguza kwa theluthi bila kusita.

Lakini baada ya karibu kila mtu kufa, filamu inaturudisha kwenye mahojiano ya mwisho ya Nim. Anaulizwa juu ya Bayan, naye anaanza kulia. Anasema hana hakika. Miaka yote ile hajui kama Bayan alikuwa ndani yake kweli.

Wapo watazamaji waliokwisha kusimama kutafuta viatu kabla ya maneno hayo, na nawasikitikia, kwa sababu hapo ndipo filamu ilipo. Rudi nyuma uutazame ule usiku wa tambiko ukiwa na maneno ya Nim mkononi. Fujo yote ile ni watu wanaomwita mtu asiyeitika. Santi anaita, Noi anaita, na kilichokuja ni kingine. Kama mwongozaji angetupa tambiko fupi na safi, tungebaki na tumaini kwamba Bayan yuko mahali fulani, amechelewa tu. Urefu unaochosha ndio unaotunyang'anya tumaini hilo. Ndiyo maana nasema ningepunguza theluthi, si zaidi.

Bado kuna Noi. Karibu na mwisho, baada ya kumwungamia Manit kwamba zamani aliweka karatasi takatifu ndani ya kiatu cha Nim ili Bayan ahame kwake, ghafla anatangaza kwamba Bayan amemwingia. Anaanza kuomba, na kwa dakika chache tunaona kama inafanya kazi. Kisha Mink anamwita, "Mama." Noi anasita, anageuka, na binti yake anamchoma moto. Je, Bayan alikuwepo? Wanaosema ndiyo wanaona kisa cha mama aliyeacha wito wake, akaurudia akiwa amechelewa. Wanaosema hapana wanaona mama aliyejaza ukimya kwa imani yake mwenyewe, kama dada yake alivyofanya maisha yake yote. Mimi niko na hawa wa pili, kwa sababu mahojiano ya Nim yamewekwa baada ya tukio hili, si kabla.

Najua wengi humu hamkubaliani nami. Karibuni sasa, na ningependa tuanze na walioichukia.