Kikohozi hesabu siku, mtoto mhesabie pumzi

Assalaam alaykum jamani. Nashkuru mmekuja, najua msimu huu kila mtu hapa Wete ana karafuu zake majamvini na jicho liko kwenye mawingu, kwa hivyo nitakwenda mbio kidogo.

Kukohoa kwenyewe si ugonjwa, ni mwili unatoa kilichoingia njia ya hewa, moshi, vumbi, belghamu. Vikohozi vingi tunavyopata vinatokana na virusi vya mafua, na virusi antibayotiki haivifanyi chochote, hata belghamu ikiwa ya kijani. Kwa hivyo ile tabia ya kununua vidonge vichache vya amoksilini dukani, ukanywa viwili, vyengine ukamuwekea mwenzio, naomba sana iishe, maana vijidudu vinaizoea dawa na siku unayoihitaji kweli haifanyi kazi.

Wengi wetu tunakipima kikohozi kwa mlio, hichi kikavu, hichi cha majimaji. Mimi nataka muhesabu.

Mtoto mdogo muhesabie pumzi, hapa mama zangu nisikilizeni vizuri kwa sababu nimonia inaua haraka. Mfunue nguo mpaka kifua na tumbo vionekane, awe katulia, halii wala hanyonyi, weka simu dakika moja kamili halafu hesabu kila kifua kinapopanda. Aliye chini ya miezi 2 akifika 60 au zaidi, wa miezi 2 mpaka hajatimiza mwaka akifika 50, wa mwaka 1 mpaka hajatimiza mitano akifika 40, huyo anapumua mbio, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na ukiona chini ya mbavu kunabonyea ndani kila akivuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, kalegea haamki, kashikwa na degedege, basi hapo hata usihesabu, toka, usiku ni usiku, mgongee jirani mwenye gari. Najua ndani ya nyumba atakuwepo mtu wa kusema subirini kukuche, huyu kifua chake ndo hivyo toka kuzaliwa. Mjibu kwa adabu lakini ondoka.

Asali nayo mnaniuliza sana. Aliyetimiza mwaka mpe kijiko kidogo wakati wa kulala, inamtuliza, lakini wa chini ya mwaka hata ya kulamba usimpe, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi. Na dawa za maji za kikohozi msiwanywishe watoto ovyo, Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu dawa za aina hiyo zilizokutwa na sumu kule Gambia.

Sisi watu wazima tuhesabu siku. Kikohozi kikifika wiki 2 nenda kapimwe makohozi ya TB, yaani kifua kikuu, sikwambii unayo, nakwambia kapimwe, na kama unatoa damu, unatoka jasho usiku au unakonda bila sababu, hizo wiki 2 usizisubiri. TB si kurogwa wala si aibu, ni bakteria, daktari wa Kijerumani Robert Koch alimtangaza tangu 1882, na dawa zake hospitali za serikali ni bure. Kinachoniuma ni mtu anakunywa dozi mwezi wa kwanza, wa pili, anapata nguvu, anarudi baharini, dawa kaacha, wakati kwa kawaida dozi ni miezi 6. Inarudi sugu, na wale wanaolala naye chumba kimoja wanaivuta hewa hiyo hiyo.

Kuna na wanaokohoa muda mrefu na TB hawana. Anayekohoa usiku kifua kinapiga miluzi aangaliwe pumu. Mama anayepika kwa makumbi jikoni hakuna hata dirisha, moshi ule unamla kifua yeye na mtoto aliyemfunga mgongoni, toeni jiko nje jamani ikiwezekana. Halafu nyie wazee wa presha, mkiwa mnatumia enalapril au captopril mkapata kikohozi kikavu kisichokwisha inaweza kuwa dawa yenyewe, ila msiiache wenyewe, nendeni na pakiti yake mkamuoneshe daktari akubadilishieni.